Ulisema mtarudi na kaskazi

Maziwang'ombe, Pemba
20 Oktoba 2024

Shoga yangu,

Asalaam aleikum warahmatullah. Sisi huku wazima. Mama yako naye mzima ila magoti, na kila Ijumaa ananiuliza kama umepiga simu. Namwambia umepiga. Dhambi hiyo tutagawana.

Najua umeninunia. Mwaka jana uliponitumia picha ya kitambulisho chako cha Kenya nilikujibu neno moja, "hongera", kisha nikakaa kimya. Leo nakuandikia kwa kalamu kwa sababu nikianza kulisema hili kwenye simu nitalia, na vocha itakwisha hatujafika popote.

Mliondoka hapa mwisho wa kusi, 2009, wewe na mumeo na majarife yake na ndoo mbili za vyombo. Ukanishika mkono chini ya mvinje ukaniambia, "Shoga, tunakwenda dago tu, tukavue ugenini, tutarudi na kaskazi." Sikuwa na shaka hata chembe. Wazee wetu si ndivyo walivyokuwa? Demani ikiingia wanatweka tanga, upepo wa kusini unawasukuma hadi Vanga, Shimoni, wengine mpaka Malindi. Wanavua, wanakausha ng'onda, na kaskazi ikishika inawaleta nyumbani. Upepo ulikuwa ukimwita mtu kwao, atake asitake. Zilipokuja mashine za boti upepo ukanyamaza, na anayekawia siku hizi amekawia kwa hiari yake. Nimehesabu kaskazi 15, shoga.

Kwa hiyo ile picha niliiona kama karatasi ya talaka. Baadaye nikaanza kucheka peke yangu: eti Mpemba amekuwa kabila la Kenya! Huku kwetu bado tunabaguana huyu wa Kojani, huyu wa Tumbe, huyu wa Micheweni, na hakuna anayekubali kuwa sawa na mwenzake. Nyinyi mmevuka mkondo tu mmekuwa kitu kimoja.

Lakini nilisahau uliyokuwa ukinihadithia ya kukaa bila kitambulisho. Boti ya mumeo imeandikishwa kwa jina la mtu mwingine, na yeye aliyeinunua anapokea fungu kama kibarua. Laini ya simu ya jirani. Mtoto anafaulu, halafu anaambiwa alete cheti ambacho hamna pa kukipata. Na wengine wenu bibi zao wamezaliwa huko na wamezikwa huko. Serikali ya Kenya ilipowatambua Wapemba mwaka 2023 ilikuwa haki yenu, tena ilichelewa. Kinachonichoma ni kwamba sheria yetu ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Basi siku ukija kuzika kwenu, utagongewa mhuri kama mtalii.

Sasa nikupe kisa cha juzi. Ilikuwa bamvua, maji yamekupwa mpaka karibu na mwamba, tumeinama tunafunga mwani. Hatua kumi hivi kutoka nilipo akatua sululu. Unawakumbuka, wale ndege wa mdomo uliopinda kama mundu, tuliokuwa tukihesabu miluzi yao mpaka saba. Akaupenyeza mdomo kwenye tundu hadi machoni, akamtoa kaa, akamkung'uta mpaka miguu ikaruka huku na huku. Kisha, wallahi, akamchukua mpaka kwenye kidimbwi, akamsuuza, ndipo akammeza. Mumeo hajawahi kuosha hata kikombe.

Mwalimu wa skuli alikuwa amekuja na watoto, akatueleza kuwa sululu wanataga kaskazini ya mbali, Urusi na kwingineko, huko kwenye baridi kali. Wanatufikia Agosti na Septemba, na ikifika Aprili wanaanza kuondoka. Nikamuuliza: mbona kusi nzima nawaona wachache wamebaki hapa? Nilikuwa nikidhani ni wagonjwa, nawahurumia. Kumbe wengi wao ni wachanga, hawajafika umri wa kutaga, hawana cha kufuata kule, wanakaa wanakula kaa wetu hadi wenzao warudi. Nikamwambia, basi mwalimu, hawa kwao wapi? Akanijibu nimuulize sululu mwenyewe. Watoto wakanicheka.

Mwani wenyewe unatutia umasikini. Kotonii, ile aina yenye bei nzuri, maji yakipata moto inakufa, tumebaki na spinosi. Tunaambiwa tusogee kwenye maji marefu. Wanawake wangapi unaowajua hapa wanaweza kuogelea? Tuyaache.

Ninalokuandikia barua hii ni habari ya baba yangu. Unajua alivyokuwa akienda dago kila mwaka, na unajua kuwa dago lina wake zake. Mama alijua, akanyamaza, akawa anapika tu. Baba alipofariki, siku ya tatu ya matanga, simu yake ikalia nikaipokea mimi. Mwanamke, sauti ya rika letu, analia. Anasema "baba yetu", kwa lafudhi ya Kidigo. Akasema yuko Shimoni, anauza mahamri karibu na gati, kapata habari kwa mabaharia.

Nilikata simu. Sijamwambia mtu yeyote mpaka leo. Na ile simu ya baba niliiuza, namba ikaenda nayo.

Wewe uko huko huko. Nenda gatini asubuhi, kabla ya boti za watalii, uwatazame wauza mahamri mmoja mmoja. Jina lake sikulishika, ila tafuta mwenye masikio ya baba, yale yaliyosimama tuliyokuwa tukiyaita matanga. Kama kayarithi hutahitaji kuuliza.

Nahodha atakayekupa barua hii ana vifurushi viwili vya halua ya Wete. Kilichofungwa kwa kamba ya mwani ni chako, nimeagiza kizidishwe hiliki. Kile kingine ni cha dada yangu. Usimwambie kimetoka kwa nani mpaka aonje kwanza.

Mimi shoga yako