Kwa nini tumeacha kuuza "Dar yote kwa siku moja"

Sisi tunaotembeza wageni Dar es Salaam, ujumbe huu tunaupata karibu kila wiki: mgeni anatoka Mwanza au Mbeya, ana siku mbili tu, na mwenyeji wake anataka ndani ya siku moja aone Makumbusho ya Taifa, Kijiji cha Makumbusho, vinyago vya Mwenge, halafu mchana akaogelee kisiwani Mbudya. Zamani tulikubali, hela ni hela. Tuliacha siku tuliyokwama na familia ya watu sita kwenye foleni ya Barabara ya Bagamoyo mpaka watoto wakalala. Tulipofika Kunduchi, wenye boti za kwenda Mbudya walikuwa wanafunga kazi.

Sasa siku ya kwanza ni katikati ya mji, kwa miguu. Mji wa zamani ni mdogo kuliko watu wanavyodhani, na gari pale ni mzigo.

Tunakutana soko la samaki la Feri saa 1 asubuhi, mnada wa samaki ukiwa umechangamka. (Njoo na viatu vinavyostahimili maji. Raba nyeupe utazijutia.) Tunafuata Barabara ya Kivukoni, maji yakiwa kushoto, tunapita kanisa la Azania Front, kisha Mtakatifu Yosefu, lililokamilika mwaka 1902, hadi Boma la Kale. Hapo tunakaa. Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kujenga mji huu miaka ya 1860, jirani palikuwa na kijiji cha Mzizima, na boma hili la mawe ya matumbawe lilikuwa la kufikia wageni wake. Majid akafariki 1870, mji ukadorora, mpaka Wajerumani walipohamishia makao yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891.

Ila tukiambiwa tuchague kituo kimoja tu, ni Sanamu ya Askari pale Barabara ya Samora. Ipo tangu 1927, na singe ya bunduki imeelekea bandarini. Watu wengi hupiga selfi wakaondoka. Sisi tunawaomba wasome maandishi: Kiswahili kipo, hadi kwa herufi za Kiarabu, na wanaokumbukwa si wapiganaji peke yao bali pia wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Kikosi chao Waingereza walikiita Carrier Corps. Kitamke haraka haraka, utapata Kariakoo. Watu waliokaa Dar miaka 20 huwa wanashtuka hapo kuliko wageni wao.

Tunamalizia Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, kwenye habari za fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Humo kila mtu anatembea kwa mwendo wake.

Njiani tutapita karibu na Ikulu: simu ziwe mfukoni, hairuhusiwi kupiga picha. Wanaotaka Mbudya watuambie wakati wa kuweka nafasi, tuwapangie siku ya pili, na siku hiyo tunaondoka mapema kabla Mwenge haijajaa magari.