Kwa Ndugu Barasa, Kuhusu Bastola ya Kununua

South C, Nairobi
14 Juni 2025

Ndugu Barasa,

Pokea salamu kutoka kwetu, na umfikishie shemeji na watoto. Barua yako niliipata Jumanne. Nimefurahi kusikia kwamba Bodi ya Utoaji Leseni za Silaha imelikubali ombi lako, kwa maana mfanyabiashara wa jumla anayesafiri na fedha kati ya Nakuru na Nairobi kila wiki ana sababu za kutosha. Umeniomba nikutajie chapa moja tu ya bastola ili uende dukani ukainunue. Jina nitakupa, lakini kwanza nivumilie, kwa sababu ukishajiunga nasi kila mwenye bastola atakushika mkono na kukuapia kwamba yake ndiyo bora, na sababu atakayoitoa mara nyingi siyo iliyompeleka yeye kuinunua.

Nianze na Ceska, kwa kuwa wewe mwenyewe umeandika "Ceska" mara tatu ukimaanisha bastola yoyote ile. Hukosei peke yako. Magazeti yetu yametuzoesha kusoma kwamba polisi wamenasa Ceska yenye risasi kadhaa, hadi jina la kiwanda likageuka karibu kuwa jina la kitu, kama tulivyokuwa tukitumwa dukani kununua Omo huku mama akitarajia sabuni yoyote ya unga itakayopatikana. Kiwanda hicho kiko katika mji wa Uherský Brod, nchini Cheki, na bastola yake inayosifiwa kuliko zote ni CZ 75, iliyobuniwa na ndugu wawili, František na Josef Koucký, enzi za Chekoslovakia. Wanaoipenda huanza na mpini, nao hawatii chumvi: ukiushika, mkono hujaa bila kulazimishwa, kana kwamba fundi alikupima kwanza. La pili halionekani kwa macho ya mgeni. Katika bastola nyingi slaidi, yaani kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila risasi inapotoka, huikumbatia fremu, yaani mwili wa bastola, kwa nje; katika CZ 75 slaidi huteleza ndani ya fremu, na hivyo sehemu inayokwenda mbele na nyuma hukaa chini zaidi, karibu na kiganja. Ongeza hapo kwamba ni chuma kitupu chenye uzito wa takribani kilo moja, utaelewa kwa nini hairuki sana mkononi na kwa nini risasi ya pili huifuata ya kwanza karibu mahali palepale. Ubunifu huo umeigwa katika nchi nyingi. Jericho ya Israeli, ambayo pia huisoma magazetini kwa sababu polisi wetu huibeba, ni ya ukoo huohuo.

Lawama yake ni ileile kilo moja. Kwenye uwanja wa shabaha uzito ni baraka, lakini ukishinda nayo kiunoni kuanzia asubuhi, ukapanda ngazi za maghala, ukakaa ndani ya gari saa tatu kwenye msongamano wa Waiyaki Way, jioni mkanda utakuwa umekuchora nyama.

Hapo ndipo watu wa Glock hucheka. Gaston Glock wa Austria hakuwahi kutengeneza bastola kabla ya hiyo ya kwanza. Karakana yake ilikuwa ikitengeneza fimbo za mapazia, kisha visu vya jeshi. Mwaka 1982 jeshi la Austria likaichagua Glock 17 na kuviacha viwanda vyenye majina makubwa, na fremu yake ilikuwa ya polima, ambayo wazee wa chuma waliidharau kuwa ni plastiki ya kuchezea. Hawaidharau tena. Ndugu yake mdogo, Glock 19, alitoka mwaka 1988. Hubeba risasi 15 za milimita 9 na bila risasi ina uzito wa takribani gramu 600 tu. Ukimuuliza mwenye Glock kwa nini anaipenda, hatakuambia kwamba ni nzuri, kwa sababu si nzuri. Ina umbo la tofali. Atakuambia kwamba vipande vyake ni vichache, kwamba huvumilia vumbi na jasho, na kwamba kifyatuo chake hukupa mvuto uleule tangu risasi ya kwanza hadi ya mwisho. CZ 75 ya kawaida haiko hivyo: ukiibeba nyundo ikiwa imelala, mvuto wa kwanza ni mrefu na mzito, na inayofuata ni mifupi, kwa hiyo mwanafunzi hulazimika kujifunza vifyatuo viwili ndani ya bastola moja.

Lakini sikiliza hili kwa makini. Glock haina kile kitufe cha usalama cha pembeni ambacho kidole gumba hukishusha. Usalama wake uko ndani, na mmoja uko kwenye kifyatuo chenyewe. Maana yake ni kwamba chochote kitakachokivuta kifyatuo, kiwe kidole au pindo la shati, kitafyatua risasi. Aidha, huwezi kuifungua ili kuisafisha bila kwanza kuvuta kifyatuo, na kwa hiyo asiyehakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba hakuna risasi iliyobaki ndani anajitafutia msiba sebuleni mwake.

Utakutana pia na wazee wa Browning, wengi wao wakiwa na bastola waliyoipata zamani na hawana nia ya kuibadilisha. John Browning alifariki mwaka 1926 kazi ya kuibuni bastola hiyo, Hi-Power, ikiwa haijakamilika, na Mbelgiji Dieudonné Saive ndiye aliyeikamilisha. Ilipotoka mwaka 1935 ilibeba risasi 13, idadi kubwa mno kwa zama zile. Jeshi la Uingereza liliitumia kwa miongo mingi hadi lilipohamia Glock 17 mwaka 2013. Mzee mmoja tunayekutana naye huniambia kwamba anaipenda kwa wembamba wake, nami namwamini, ingawa nadhani anaipenda zaidi kwa sababu ndiyo aliyoianza ujanani. Beretta sina mengi ya kuisemea. Ni jina kongwe, kwani familia hiyo ya Gardone Val Trompia ilikuwa ikiuza mitutu tangu 1526, na ile 92 inapendeza macho kuliko zote nilizozitaja, lakini ni pana, na mwenye vidole vifupi hukifikia kifyatuo kwa shida. Usishangae pia ukiona watu wanaoshikilia rivolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, ya Smith & Wesson yenye risasi tano. Risasi moja ikigoma, huvuta kifyatuo tena na nyingine huja mbele, hawahitaji kushughulika na slaidi wala magazini, yaani kile kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini. Kwa mwenye mikono isiyo na nguvu ya kuvuta slaidi, hoja hiyo siwezi kuipinga.

Jambo jingine linalowaongoza watu wa hapa ni hesabu ya risasi. Tangu 21 Septemba 2013, watu 67 walipouawa katika shambulio la jengo la maduka la Westgate, Nairobi, na raia kadhaa wenye bastola za leseni wakaingia kusaidia kuwatoa waliokwama, wengi hupima bastola kwa ukubwa wa magazini. Sikatai. Ila cheti chako kitataja idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo, na katika biashara yako, kama itatokea siku mbaya, nadhani itaamuliwa na risasi mbili za kwanza.

Nikuungamie kosa langu. Bastola yangu ya kwanza, ambayo chapa yake siitaji, niliinunua kwa sababu ilikuwa inang'aa na ilikuwa na mpini wa mbao. Ganda la risasi lilinaswa mara tatu katika siku ya kwanza ya mazoezi, na nilipotafuta magazini ya pili nilizunguka maduka kwa miezi saba bila kuipata. Tangu hapo, kabla sijauliza bei ya bastola, huuliza kwanza kama magazini na springi zake ziko dukani leo.

Kwa hiyo jina ulilolitaka ni Glock 19. Nakupa jina hilo huku nikiwa na CZ 75 kiunoni ninapoandika, na sina mpango wa kuiacha. Mimi nimeizoea kwa miaka kumi na moja na ninakwenda uwanjani mara mbili kwa mwezi. Wewe unaanza, unavaa shati la kuchomolewa, unakaa sana ndani ya gari, na najua hutakuwa na muda wa kujifunza vifyatuo viwili. Inunulie ala ngumu inayokifunika kifyatuo chote, si zile za kitambaa laini, na fedha utakazobakiza usizitie kwenye mapambo ya bastola. Zinunulie risasi za mazoezi.

Usilipe chochote kabla hujaishika, lakini. Jumamosi ya tarehe 28 nitakuwa kwenye uwanja wa shabaha wa Kirigiti, pale Kiambu, tangu saa tatu asubuhi. Njoo, na mkufunzi atakusimamia uzijaribu zote mbili. Kama mkono wako utaikataa Glock, nijulishe palepale, twende dukani pamoja tukaangalie nyingine.

Wako,
Odhiambo