Gramafoni za kale zikaguliwe kabla ya kupatana bei

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu biashara ya gramafoni za kale, ambayo imeshamiri katika maduka ya vitu vya zamani hapa Mji Mkongwe na ambayo, kwa nionavyo mimi niliye fundi wa mashine hizo, inawaumiza watu wawili kwa pamoja: mgeni anayelipa fedha nyingi kwa kitu kipya akidhani ni cha kale, na mwenyeji anayetoa mali ya wazee wake kwa bei ya kutupa. Chanzo ni kimoja. Bei zetu zinafuata shaba inayong'aa, na ni wachache wanaotaka kuona mtambo uliomo ndani.

Gramafoni inayovuta macho dukani ni ile yenye pembe kubwa ya shaba, sanduku la mbao la pande nane na picha ya mbwa anayesikiliza sauti ya bwana wake. Picha hiyo ilichorwa na Francis Barraud, na kampuni ya Gramophone ya Uingereza ikainunua mwaka 1899. Leo stika yake inaweza kuchapwa popote. Nyingi za mashine hizo zimeundwa India si zamani sana, kwa kuchukua mtambo wa gramafoni ndogo ya kubebea mkononi, kuutia katika sanduku jipya na kuufungia pembe mpya. Kuziuza kama mapambo ni halali kabisa. Kosa ni kumwambia mnunuzi kwamba zilitengenezwa mwaka 1905.

Mteja mmoja aliniletea mashine ya namna hiyo ili niilainishe. Nilipoifungua nilikuta ubao wa juu umeshikwa kwa skrubu zenye kichwa cha msalaba, ambazo ziliingia viwandani katika miaka ya 1930, ilhali karatasi aliyopewa dukani ilitaja mwanzo wa karne ya 20. Mbao za ndani zilikuwa nyeupe na bado zikinukia kiwanda, tundu la mpini wa kutilia ufunguo lilikuwa limepanuliwa kwa patasi ili limeze mtambo usiokuwa wake, na kiungo kinachobeba pembe kilikuwa bati lililochomelewa ovyo. Yote hayo yangeonekana kwa muda mfupi tu, lau mnunuzi angeomba bisibisi na mwenye duka akaridhia. Na mwenye duka asiyeridhia amekwisha kujibu.

Wakati huohuo gramafoni namba 102 ya HMV, chapa ya kampuni hiyo ya picha ya mbwa, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1931 na kuendelea hadi miaka ya 1950, hununuliwa majumbani kama sanduku bovu kwa sababu haina pembe ya nje. Pembe yake imo ndani ya sanduku lenyewe, imekunjwa kwa ustadi mkubwa, na sauti inayotoka humo ni safi na yenye nguvu. Nawasihi wenye mashine hizi wasikubali bei yoyote kabla hazijajaribiwa. Mtambo utiwe ufunguo hadi ushibe, kisha upige upande mzima wa santuri ya inchi 10, ambao ni kama dakika tatu, bila kulegea. Kipande cha karatasi kikiwekwa chini ya ukingo wa santuri, mtu mwenye saa ataweza kuhesabu mizunguko, nayo iwe 78 kwa dakika. Mtambo ukigonga kwa ndani, mara nyingi kamani, yaani springi inayouendesha, inalilia grisi tu. Mipira inayoshika kiwambo cha sauti, yaani utando unaotetemeka na kutoa sauti, ikiwa imekauka, sauti hukwaruza, lakini hiyo ni kazi ndogo kwa fundi. Jambo zito ni mkono wa sauti, ule unaopitisha sauti kutoka kwenye sindano hadi kwenye pembe, uliotengenezwa kwa mchanganyiko wa zinki ukaanza kuvimba na kupasuka, kwa kuwa huo hautengenezeki.

Tofauti hiyo ya ubovu mdogo na ubovu mkubwa ndiyo inayopaswa kuongoza mapatano ya bei. Nimewasikia wanunuzi wakiikebehi mali ya mtu kwa sababu ya mpira uliokauka na kuiangusha bei hadi nusu, na mwenye mali, kwa kuwa hajui, akakubali. Mnunuzi muungwana humwonyesha muuzaji dosari aliyoiona, humtajia gharama ya kuirekebisha, na hupunguza kiasi hicho peke yake. Akikutana na bibi anayeuza gramafoni ya marehemu mumewe, naona ni wajibu wake kumweleza alichonacho hata kama yeye mwenyewe atalipa zaidi, kwa sababu pale hawapatani watu wenye maarifa sawa.

Santuri nazo zisitolewe kama nyongeza. Siti binti Saad na wenzake walikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodiwa na kampuni hiyohiyo ya mbwa, na kampuni za Columbia na Odeon zikafuata kutafuta waimbaji wa pwani yetu. Santuri ya wakati ule, ikiwa nzima, yaweza kuwa na thamani kuliko mashine inayoipiga, na kwetu sisi ni sauti za wazee wetu. Bei yake ipatanwe mbali na ya gramafoni. Iinamishwe kwenye mwanga: mistari ikiwa myeusi inayong'aa, haijachoka, ikiwa na rangi ya kijivu, imeliwa na sindano zilizotumiwa kupita kiasi, maana sindano ya chuma hubadilishwa kila upande unapopigwa. Na tafadhali, asiwepo wa kuipangusa kwa spiriti ili ing'ae mbele ya mnunuzi, kwani spiriti huyeyusha shelaki ambayo ndiyo mwili wa santuri hiyo.

Kwa wenye maduka ombi langu ni dogo: mashine mpya iliyoundwa kwa mtindo wa kale iandikwe hivyo kwenye kibandiko cha bei, na ile ya kale ifunguliwe mbele ya mnunuzi anayetaka kuiona ndani.

Wako mtiifu,
Fundi wa gramafoni,
Mji Mkongwe, Zanzibar