Bei ya kichujio cha moshi haiishii kwenye ankara

Mhariri,

Nimefanya kazi ya ufundi wa boila Unguja, kisha hapa Pemba, na linaloniuma ni jinsi viwanda vyetu vinavyonunua mitambo ya kusafisha moshi. Zabuni zikifunguliwa, huangaliwa bei ya kununulia basi, mwenye bei ndogo akapewa kazi.

Mara nyingi huyo huleta saikloni, pipa la bati linalozungusha moshi mpaka majivu yakadondoka chini. Ni rahisi na haliharibiki ovyo, lakini hukamata chembe kubwa. Zile laini, chini ya maikroni 2.5 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), zinazofika ndani kabisa ya mapafu, nyingi hutoka na dohani.

Vichujio vya mifuko, vinavyopitisha moshi kwenye mifuko ya kitambaa, hukamata zaidi ya asilimia 99, na laini zimo. Ila mifuko huchakaa, na boila ya kuni hurusha cheche zinazoitoboa, kwa hiyo saikloni itangulie mbele yake. Skraba, inayoosha moshi kwa maji, haiogopi cheche, na bei yake ya kununulia huwavutia wengi. Tatizo ni umeme. Feni ikivuta meta za ujazo 5 za moshi kwa sekunde kupitia mifuko yenye ukinzani wa paskali 1,500 (paskali ni kipimo cha shinikizo), kwa ufanisi wa asilimia 60, hula kilowati 12.5. Skraba ya venturi, inayobana moshi kwenye koo jembamba, yenye paskali 5,000 hula karibu 42. Kiwanda kikifanya kazi saa 6,000 kwa mwaka, tofauti ni yuniti 175,000! Na sisi Pemba umeme wetu unatoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari. Hapo sijataja maji machafu, ambayo kisiwani kwenye visima kila mtaa hayana pa kumwagwa.

Kuna na gharama isiyoandikwa popote. Jirani yangu huanika karafuu kwenye majamvi. Upepo ukigeukia kwetu masizi huzitulia, na yeye na wanawe hukaa kitako wakizichambua moja moja mpaka magharibi. Nani anamlipa?

Naiomba Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar, yenye nguvu ya sheria ya 2015, iwatake wenye viwanda waonyeshe gharama ya miaka 10: ununuzi, umeme, mifuko, mafundi na kutupa majivu, vyote vigawanywe kwa kilo za vumbi litakalokamatwa. Zabuni zishindanishwe kwa hesabu hiyo.

Fundi boila mstaafu,
Chake Chake, Pemba