Ghala la kaboni haliishii mikokoni

Mhariri,

Makala yenu kuhusu mikoko ya Gazi, Kenya, inavyohifadhi kaboni niliisoma yote, na sina ugomvi nayo. Mradi wa Mikoko Pamoja umewauzia watu vyeti vya kaboni iliyohifadhiwa na mikoko, fedha zikaleta maji na kusaidia shule. Ila mwandishi aliishia pale maji yanapomfika magotini, akaipa kisogo bahari, ambayo nayo ni ghala la kaboni.

Marehemu baba yangu alivua dagaa kwa karabai upande wa Tanga. Mbalamwezi ikiingia, mashua zilipumzishwa na nyavu zikashonwa, kwani taa haivuti kitu. Kazi ilikuwa usiku wa giza. Sikujua kwamba giza hilohilo huwapandisha uduvi na wadudu wadogo kuliko punje ya mchele, kutoka kina cha mamia ya mita. Huja juu kula mimea ya planktoni, isiyoonekana kwa macho, ambayo mchana ilitumia hewa ukaa iliyoyeyuka majini kujikuza. Alfajiri wanashuka na matumbo yaliyoshiba. Huko chini wanapumua na, mnisamehe, wanakunya. Kinyesi hicho na mizoga huzidi kuzama. Kingi huliwa na bakteria njiani, lakini kaboni inayopita mita 1,000 inaweza kukaa karne kadhaa kabla maji yale hayajarudi juu.

Safari hiyo ni ya kila usiku, katika karibu bahari zote. Mwaka 1942 Wamarekani waliokuwa wakijaribu mitambo ya sauti ya kusaka nyambizi karibu na California walidhani wamepata sakafu ya bahari mahali pasipo na sakafu. Ajabu, sakafu yenyewe ilipanda jioni! Ilikuwa halaiki ya viumbe.

Nyangumi nao, hawa wanaopita Watamu na Kizimkazi msimu wa kusi, wakifia bahari kuu huzama na tani zao za kaboni.

Najua kwa nini haya hayaandikwi. Mkoko unapimwa kwa futikamba na una kijiji chake. Uduvi hana mwenyewe, wala hana cheti cha kuuzwa. Lakini kati ya Tanga na Pemba kina kinafika mamia ya mita, si mbali na meza yenu ya habari. Mtumeni mwandishi wenu usiku wa giza, apande boti ya dagaa, ainamishe taa majini na kutazama kinachopanda.

Mtoto wa mvuvi,
Tanga