Mwanangu, turudi kwa yule mama wa kambo

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kwa nini kila tukimaliza sura mbili tatu lazima tukae tuijadili riwaya, ilhali wenzako wanasoma, wanafunga kitabu, basi. Swali lako ni la haki, ila jibu lake ni refu kuliko nafasi uliyonipa pale mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje. Nimeona nikuandikie.

Nianze na yule mama wa kambo. Pembezoni mwa sura ya nne, pale anapofunga kabati na kuuning'iniza ufunguo shingoni, umeandika kwa penseli "NAMCHUKIA" na kupiga mistari chini yake hadi karatasi ikakaribia kutoboka. Sikulaumu. Hadithi nzima inasimuliwa na binti, kwa nafsi ya kwanza. Tunaona anachokiona yeye, na njaa yake tunaisikia matumboni mwetu. Ukimlilia binti huyo, sifa nyingi ni za mwandishi. Amekushika mkono tangu ukurasa wa kwanza mpaka akakufikisha kwenye machozi.

Kazi yako wewe inaanza sura ya sita, kwenye sentensi moja ambayo msimulizi anaipita mbio: kwamba mama yule aliolewa katika nyumba ile akiwa na miaka 19, na picha ya marehemu mama wa binti ilikuwa bado ukutani, juu ya kiti alichotakiwa kukalia. Haitajwi tena. Mwongozo wenu nao umemmaliza kwa maneno matatu: mkatili, mchoyo, mwenye wivu. Kila sifa ina mfano wake na ukurasa wake, tayari kwa mtihani. Yakariri, alama unazihitaji. Lakini nilipokurudisha kwenye ile picha ulikaa kimya kidogo, kisha ukasema, "Hata mimi ningeishusha."

Nilifurahi, na papo hapo nikakubana, ukanuna. Sasa nikueleze nilichokuwa nakitafuta. Ulipojibu, ulijitia wewe katika nyumba ile: wewe mwenye ulimi wako, mwenye wazazi wa kukimbilia, usiyeogopa kusema hapana. Yule hakuwa na hayo. Swali la "ungekuwa wewe ungefanyaje" ni zuri la kufungulia mazungumzo, ila ukiishia hapo unajikuta unamjadili mtu mmoja tu, na mtu huyo ni wewe. Gumu zaidi ni hili: yeye, kwa aliyoyajua siku ile na kwa hofu alizokuja nazo, aliona njia gani mbele yake? Hapo unalazimika kurudi kitabuni kutafuta ushahidi.

Tofauti hiyo sikuitunga mimi. Mwaka 1997 mwanasaikolojia wa Marekani, C. Daniel Batson, na wenzake walichapisha jaribio ambamo watu walisikilizishwa mahojiano ya msichana aliyefikwa na shida kubwa. Baadhi yao waliombwa wafikirie yeye anajisikiaje. Wengine, wao wenyewe wangejisikiaje kama yangewakuta. Wote waliingiwa na huruma, lakini hao wa pili walipata pia dhiki, dhiki ya nafsi zao. Na mwenye dhiki, mwanangu, hutafuta kwanza kujituliza, hata kwa kugeuza uso.

Halafu kuna wanaosema kusoma riwaya kwenyewe kunatosha kumfanya mtu awaelewe wenzake. Mwaka 2013 jarida la Science lilitoa utafiti wa wanasaikolojia Kidd na Castano: watu walisoma vipande vifupi vya hadithi za kifasihi, kisha, katika baadhi ya majaribio, wakaonyeshwa picha za macho ya watu na kuulizwa wenye macho hayo wanahisi nini. Waliosoma fasihi walifanya vizuri zaidi, na habari ikaenea kila mahali. Mwaka 2018 watafiti wengine walirudia majaribio kadhaa ya sayansi ya jamii, hili likiwamo, na kwa hili hawakupata matokeo yale. Mimi sikushangaa. Kumjua binadamu kwa kusoma dakika chache? Wapo watu waliosoma kabati zima la vitabu na bado hawawezi kumsikiliza jirani hadi mwisho wa sentensi. Ninachokiamini ni kukaa na mhusika mmoja wiki kadhaa, tena mbele ya mtu anayekubishia.

Ulihofia pia kwamba nikizidi kumchimba mama yule nitaishia kumtetea. Sitamtetea. Kipigo cha sura ya nne ni kipigo, na binti ana haki ya kutomsamehe mpaka ukurasa wa mwisho. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, ndiyo, lakini kunguni hawampi mtu ruhusa ya kumlaza mtoto na njaa. Nataka uyabebe yote mawili kwa pamoja, bila kulitupa moja ili jingine liwe jepesi. Ni kazi ya kuchosha, najua. Kwenye lile kundi lenu la WhatsApp hakuna anayeifanya: mtu anaandika sentensi moja mbaya usiku, kufikia asubuhi ameshachambwa na kutolewa, na hakuna aliyeuliza jana yake ilikuwaje.

Basi safari hii nina ombi. Chukua ile siku ya kabati uiandike upya, ukurasa mmoja tu, asimulie mama wa kambo. Asijitetee, maana watu wachache hujitetea wakiwa peke yao. Aeleze tu alivyoamka, alichokisikia, mkono ulivyoushika ufunguo. Usimpe neno lolote ambalo kitabu hakiwezi kulibeba.

Kuhusu yule kaka, ambaye naona umemsamehe haraka mno kwa sababu anachekesha, mimi bado nasimama palepale: alijua dada yake hajala, naye akala. Kama unaona hakujua, njoo na ukurasa.

Ni mimi,
Mama