Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, 2025

Ndugu wanachama,

Kilichotusumbua zaidi mwaka huu ni idadi. Kifungu cha 54 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya Kenya ya 2007 kinamlazimu mwajiri kututambua tukishapata zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga na chama. Palipo na 120, tunahitaji 61. Lakini viwanda kadhaa vya Industrial Area, Nairobi, vimehamishia vibarua kwa mawakala wa ajira: mashine ileile, ovaroli ileile, ila mshahara unalipwa na wakala. Wakihamishwa 50, wanabaki 70 na tunatambuliwa kwa 36 tu. Wapo wanaofurahia wepesi huo. Mimi siufurahii, kwani mkataba wetu hauwagusi wale 50, na tukigoma, mashine zinaendelea kunguruma.

Kibarua aliyeajiriwa na kiwanda chenyewe ana kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira. Akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja, anastahili notisi kama mfanyakazi wa mwezi. Ndiyo maana wengine husimamishwa siku mbili tatu kisha wakaitwa tena. Wawakilishi, wekeni daftari la tarehe za kuingia na kutoka kwa kila kibarua. Afisa wa leba hawezi kufanya lolote na "nimekaa hapa muda mrefu".

Fomu S, ambazo wanachama hutia sahihi ili mwajiri akate ada ya chama kwenye mshahara, nyingi hukwama kwa mambo madogo: nambari ya kitambulisho imekosewa, tarehe haipo, au msimamizi, ambaye hahesabiwi, ametia sahihi. Mwajiri ana siku 30 za kuanza kukata ada tangu apokee fomu. Pelekeni nakala mbili, yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri hamna pa kuanzia kuhesabu hizo siku 30.

Kuhusu mishahara: kima cha chini cha kibarua wa kawaida Nairobi kilipandishwa hadi shilingi 16,113.75 kwa mwezi Novemba 2024. Ongeza asilimia 15 ya posho ya nyumba, inakuwa 18,530.81. NSSF (akiba ya uzeeni) asilimia 6, bima ya afya 2.75 na ushuru wa nyumba 1.5 zinaondoa 1,899.41. Asiyefikia kiwango cha kodi, akipewa nyongeza ya 1,000, anaona 897.50. Anayelipwa 50,000 anaona 628.25, kwa kuwa kodi yake ya juu ni asilimia 30. Kwa hiyo mezani tudai kwa hesabu ya kinachoingia mfukoni.

Mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri ukishatiwa sahihi, mwajiri ana siku 14 za kuuwasilisha katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Kabla haujasajiliwa hautekelezeki, hata kama kulipigwa picha na kupeana mikono. Ulizeni nambari ya usajili.

Mgomo unataka usuluhishi kwanza, halafu notisi ya maandishi ya siku 7. Anayetoka nje bila hayo hana haki ya kulipwa siku hizo, na anaweza kuadhibiwa kazini.

Wanaopunguzwa kazi: chama na afisa wa leba wapewe notisi ya mwezi mmoja, na malipo yasipungue ya siku 15 kwa kila mwaka uliotimia.

Mapendekezo ya mkataba ujao yaletwe ofisini kwa maandishi, pamoja na nakala za hati tatu za mwisho za mshahara kutoka kila daraja la kazi.